Bakuli Lililorudi Tupu

Mtaani kwetu Malindi, ukiuliza kwa nini Mwalimu hakuoa, ulijibiwa neno moja: bakuli. Wenyeji hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mama yake alikuwa ameshayaeleza yote, tena kwa sauti, amekaa barazani kwetu akichambua mchele pamoja na mama yangu.

Habari ya bakuli nitaifikia. Lakini kwanza niseme alivyokuwa, maana mtu akisikia hiyo peke yake atamdhania mjinga, na Mwalimu hakuwa mjinga hata chembe. Mimi nimesomeshwa na wengi na wengi nimewasahau majina na sura. Yeye nikifumba macho namwona mpaka vifungo vya shati.

Alitufundisha fasihi. Alikuja shule na mwavuli mweusi, mvua au jua, akautundika kwenye nondo za dirisha, kisha akatoa chaki aliyoifunga kwenye leso ili isimchafulie mfuko. Suruali yake ilipigwa pasi ikasimama. Hakumpiga mtu. Akikasirika alishusha sauti, na ikishuka mpaka wa nyuma wakalazimika kuinama mbele ili wasikie, ujue kuna mtu amekwisha siku hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wake waliotoka visiwani, kimejaa, hakina haraka, na sisi tuliokuwa tukijiona waswahili wa mjini tulijisikia tunabwabwaja tu mbele yake.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: mwandishi hapotezi wino. Hilo tulilisikia mpaka tukawa tunaliota. Kukiwa na kikombe kwenye hadithi, kikombe kile kina maana. Kikiwa na ufa, ule ufa nao una maana, na ole wako useme ni ufa tu. Ubaya ni kwamba hakuuacha mchezo huo darasani. Alitoka nao nje ya geti la shule, akaenda nao sokoni. Muuza samaki akimchagulia changu mdogo, Mwalimu alisimama akimtazama yule samaki na yule muuzaji, akitafuta amemkosea nini. Akipewa chai kwenye kikombe kisicho na sahani yake, hakurudi nyumba hiyo mwezi mzima. Mama yangu akisema, jamani, huyu mtu anachoka vipi!

Watu nao walimpa moyo. Walimwendea na mambo yao ya ndani awasomee, wanawake hasa. Shangazi yangu alimwendea kwa sababu ya viatu. Mumewe alikuwa ameanza kuvigeuza viatu vyake kila usiku kabla ya kulala, vikaelekea mlangoni. Mwalimu alifikiri, akashusha sauti, akamwambia kuwa mtu wa namna hiyo ameshatoka, mwili ndio bado umo. Masikini shangazi yangu alirudi nyumbani akafunga nguo zake kwenye marobota, akawa anangoja kuachwa. Hakula vizuri, akakonda, kila akiona viatu anatokwa na machozi. Mpaka siku moja mama akachoka kumtazama, akamwita shemeji yake akamuuliza waziwazi. Yule bwana akashangaa. Alikuwa anaamka gizani kwenda kusali alfajiri, na akivigeuza viatu anavitia tu miguuni bila kuwasha taa na kumwamsha mkewe. Tulicheka sana nyumbani. Mwalimu alipohadithiwa hakucheka. Alisema bado kuna jambo katika viatu vile, na tumpe muda.

Sasa mtu huyohuyo, angalia maajabu, ndiye aliyekuwa mshenga anayetegemewa kuliko wote pale mtaani. Kijana akitaka kuposa, wazee wakimchagua nani wa kusema? Mwalimu. Alivaa kanzu, akajifukiza udi, akaenda nyumba za watu akakaa mkekani na kuuliza, kwa ufasaha na bila woga, kama wana ua la kutupa nasi tuna bustani. Alifungua midomo ya wazee waliokuwa wamenuna. Nusu ya ndoa za rika langu ameziombea yeye. Na siku ya harusi alifika amechelewa, akala wali haraka haraka pembeni, akaondoka kabla bibi harusi hajatoka. Kwa haja ya mwenzake aliuliza lolote. Kwa haja yake mwenyewe alikuwa bubu.

Hadithi tuliyoisoma kwake kuliko zote ilikuwa hadithi fupi ya ndoa. Ilikuwamo kwenye kitabu kikuukuu kilichong'oka majalada, tukikisoma watatu watatu, na kila darasa lililopita mikononi mwake liliipitia. Mume na mke ndani yake hawana majina. Kila asubuhi mke anafagia nyumba nzima isipokuwa pembe moja nyuma ya mlango. Mume anaona na hasemi. Vumbi linajaa. Mume anaanza kuwaza: pengine anamkumbuka mchumba wake wa zamani, pengine ni uganga, pengine ni dharau tu. Miaka inakwenda, anakula chakula cha mkewe huku jicho liko kwenye pembe. Mwisho anafunga mzigo wake anaondoka. Mke anabaki amesimama na ufagio mkononi, na mwandishi anaishia hapo. Hatuambiwi kwa nini hakufagia.

Mitihani yote ilikuwa humo. Eleza sifa za mume. Eleza ishara ya ufagio, ya mlango, ya vumbi. Na jibu la Mwalimu halikuwa na mjadala: pembe ni moyo wa mke aliokataa kumfungulia mumewe. Ufagio ni ulimi wake. Ameshajibu kwa kutofagia. Mume ni muungwana, na muungwana haulizi jambo lililo mbele ya macho yake. Anasoma, anaelewa, anaondoka na heshima yake. Akifika kwenye neno "heshima" aligeuka kuutazama mwavuli wake dirishani. Sisi tukiandika.

Darasani petu alikuwapo Kazungu, kijana wa Kigiriama kutoka Dabaso, mwenye miguu mirefu isiyotoshea chini ya dawati. Kazungu hakuwa mwingi wa maneno. Lakini siku hiyo aliinua mkono, na naiona mpaka leo ile mikono ya shati lake iliyomwishia kwenye viwiko.

"Mwalimu," alisema kwa lafudhi ya kwao, "mbona huyu mume hakumuuliza mkewe tu? Kwehu mtu angeuliza."

Mwalimu akashusha sauti, sote tukainama.

"Kwenu," akasema.

Neno hilo moja. Hakuongeza. Darasa likacheka, hasa sisi wa mjini, kwa sababu tulielewa alichokusudia: huko mashambani kwenu watu hawana simile, wanasema kila kinachowajia. Kazungu akakaa. Kwenye insha aliandika hilohilo tena, kwa ukaidi, kwamba mume ndiye mwenye kosa kwa kuwa alikuwa na mdomo, na Mwalimu akampa sufuri. Sijui mwingine aliyepata sufuri kwake. Hata waliolala darasani aliwapa mbili tatu za sadaka.

Kazungu siku hizi anaendesha lori la maziwa, yuko Mariakani na mkewe na watoto. Mwaka huu nilimpigia simu kumfikishia ujumbe wa Mwalimu kuhusu siku hiyo, na ujumbe wenyewe nitausema mwishoni. Alicheka mpaka nikasikia akisogeza simu mbali na mdomo. Hakukumbuka. Hadithi hakumbuki, sufuri hakumbuki. "Mimi nakumbuka mwavuli," aliniambia. Nilifurahi kwa ajili yake, na nikaona uchungu kwa ajili ya yule mzee aliyekuwa amelibeba jambo hilo peke yake miaka yote.

Sasa bakuli.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mchuzi, unakiosha chombo chake, unatia ulicho nacho, hata ndimu mbili, hata konzi ya chumvi, ndipo unakirudisha. Mtoto mdogo anajua. Kurudisha kitupu ni kusema: yameisha baina yetu.

Mwalimu, enzi za ujana wake, alikuwa amempenda binti aliyefundisha watoto wa chekechea mtaa wa pili. Walikuwa wakisalimiana njiani asubuhi, yeye na mwavuli wake, binti ameshika buibui lisipeperuke. Mapenzi yao yote ni hayo, na watu wote walijua. Mwezi wa Ramadhani mama yake akapika tambi za nazi, akatia kwenye bakuli lake la kaure lenye maua ya buluu, akafunika kawa safi, akalipeleka kwa kina binti. Ilikuwa njia yake ya kubisha hodi. Likirudi na kitu ndani, basi mlango uko wazi, na wazee watakwenda kuposa baada ya Idi.

Likarudi limeoshwa, limefutwa, limewekwa barazani, kawa juu yake. Mama akafunua. Hamna kitu. Akageuza na kawa lenyewe, pengine kimegandia huko. Hamna. Mwalimu alitoka ndani akalitazama, akasema, "Wamejibu," akavaa viatu akaenda msikitini. Nyumba ya kina binti nayo ilionekana imefungwa, na mtaa ukamaliza hesabu upesi: wamemkimbizia Mombasa kwa wajomba zake wasimpe mwalimu maskini. Wazee hawakwenda. Yeye akaanza kupita njia nyingine asubuhi. Baadaye binti aliolewa Mombasa kweli, akazaa, akafiwa na mume, akarudi Malindi mtu mzima. Alikuwa akija dukani kwangu kununua vitambaa, mama mpole, mwenye kuchagua rangi kwa muda mrefu. Hakupata kumtaja Mwalimu mbele yangu. Wala Mwalimu, aliyekuwa ameshastaafu na kuhamia Takaungu kwa mpwa wake wa kike, hakupata kumtaja yeye.

Mwaka huu yule mama akafariki. Nilikwenda matangani, nikakaa karibu na dada yake mkubwa, na katika mazungumzo ya kumkumbuka marehemu, yule dada akasema jambo lililonifanya niweke chini kikombe cha kahawa. Alisema nduguye aliwahi kungoja posa ya yule mwalimu wa mwavuli, isije. Kanzu ya siku hiyo alikuwa ameshaishona. Mama yao alikuwa tayari, mikeka mipya imeshanunuliwa.

Nikamwambia, mama, lakini bakuli lilirudi tupu. Akanitazama hanielewi. Bakuli gani? Nikamweleza. Akafikiri sana, mkono shavuni, halafu akashika kifua. Mama yao aliugua ghafla katika Ramadhani ile, akapelekwa Mombasa hospitali, wakaenda wote, moto haukuwashwa nyumbani. Jirani aliyeachiwa ufunguo aliingia kuwaoshea vyombo. Lazima ni yeye. Aliona bakuli la watu, la kaure, akaogopa lisije likavunjika, akalirudisha kwa wenyewe. Angetia nini, na chakula si chake?

"Na mliporudi?" nikamuuliza.

"Tuliporudi tukangoja. Tukangoja Idi, tukangoja Idi kubwa. Mtoto wa kike ataulizaje kwa nini hajaposwa?"

Hapo ndipo niliposikia hasira, na nasema wazi, hasira ya kutaka kumpiga mtu na hakuna wa kumpiga. Waliporudi kutoka Mombasa ilijulikana mtaani kuwa mama mtu alikuwa mgonjwa. Mtaa mzima ulijua habari ya ugonjwa, na mtaa mzima ulijua habari ya bakuli, na hakuna hata mmoja aliyeziweka pamoja, kwa sababu bakuli lilikuwa limeshapata maana yake. Watu wawili wazuri, barabara moja baina yao. Uungwana gani huo!

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa nikijiuliza nimwambie au nimwache. Mume wangu alisema nimwache, amekuwa mzee, litamsaidia nini sasa. Lakini mimi si mtu wa kukaa na neno. Na nilifikiri hivi: amekaa maisha yake yote akiamini alikataliwa. Kabla hajafa na ajue alikuwa akitakiwa, hata kama ni uchungu. Nikapika kaimati, nikatia kwenye bakuli langu la plastiki lenye kifuniko chekundu, nikaenda Takaungu.

Nilimkuta kwenye kiti mlangoni, macho yana ukungu, kofia kichwani, mwavuli umetundikwa kwenye dirisha. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanijua kwa sauti. Mpwa wake akapokea bakuli akaingia nalo jikoni. Tukazungumza habari za watu, nani yuko, nani ametangulia. Habari ya kifo cha yule mama alikuwa nayo. Alisema amemsomea dua, basi. Nikaona sasa nikisita sitasema tena, nikamweleza yote mfululizo, ugonjwa, ufunguo, jirani, mikeka, kanzu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aligeuza uso upande wangu.

"Mama yake alipona?" akauliza.

"Alipona, Mwalimu. Aliishi sana."

"Alhamdulillahi." Kisha akashusha sauti, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikainama mbele kama zamani. "Nimewafundisha watoto wa watu kuwa yule mume ni muungwana. Darasa baada ya darasa. Yule hakuwa muungwana, mwanangu. Alikuwa mwoga. Nilijua ni mwoga. Ningesema hivyo, ningejisema mimi."

Akaniuliza alipo Kazungu. Alimkumbuka jina, alikumbuka hata alipokaa. Akaniagiza nimtake radhi, nimwambie kwamba jibu lilikuwa lake, na kwamba lile neno "kwenu" limemkaa kooni tangu siku alipolitamka. Baada ya hapo akasema amechoka, akaegemeza kichwa ukutani akafumba macho. Niliaga, sina hakika kama alisikia. Mpwa wake akatoka mbio, akanitia bakuli langu mkononi, akarudi ndani.

Bodaboda ilikuwa inaningoja mwisho wa kichochoro. Nilitembea nalo lile bakuli, na mkono ukaniambia kabla ya macho. Jepesi. Nikafunua. Tupu.

Lo, nilivyoumia! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema moyoni, haya, nimejibiwa. Nimemfukulia mzee wa watu kaburi lake barazani kwake, na yeye, kwa adabu zake, ameniambia nisirudi tena. Na ana haki. Nilipofika kwenye bodaboda nilikuwa nimeshaapa kwamba sitakanyaga Takaungu, na maneno ya kumwambia mume wangu nilikuwa nimeshayapanga. Kijana akawasha pikipiki. Nikapandisha mguu mmoja.

Nikaushusha. Wallahi sijui kilichonishika, maana mimi ni mwanafunzi wake, na nilikuwa nimeshasoma, nimeelewa, naondoka na heshima yangu. Nikamwambia kijana azime. Nikarudi kile kichochoro, bakuli mkononi, kifuniko kimening'inia, aibu imenijaa. Mwalimu akasikia nyayo akafumbua macho.

"Mwalimu," nikasema, "bakuli langu limerudi tupu. Nimekukosea?"

Alishtuka mpaka kiti kikalia. Akamwita mpwa wake, na sauti safari hii hakuishusha. Mpwa akatoka na mwiko, mkono mwingine ameuweka kichwani.

"Yarabi, dada yangu, nisamehe," akasema. "Maziwa yalikuwa yananifurikia motoni. Nikalinyakua bakuli nikakupa nisikucheleweshe. Na ndimu nilizokuchumia ziko palepale kwenye ungo."

"Maziwa," Mwalimu akasema.

Akageuza uso wake wenye ukungu kuelekea kichochoroni nilikotoka, kisha akaurudisha kwangu.

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Kwenye bodaboda, pale mwisho."

"Ni mwendo gani kutoka pale mpaka hapa?"

"Mfupi, Mwalimu."

"Mfupi," akasema.

Akavua kofia yake, akajifunika nayo uso. Mimi na mpwa wake tulisimama pale mlangoni, tumelishika bakuli pamoja, mpaka alipomaliza kulia.